Tulivyomtafutia Jeki Kwao

Vijana wa ofisini waliniomba niandike mwongozo wa kazi kabla sijarudisha funguo. Funguo nimekwisha kuzirudisha na mwongozo sikuuandika, kwa sababu kila nilipoanza kanuni nilikumbuka siku niliyoivunja na mambo yakaenda vizuri zaidi. Badala yake nawaandikia habari za neno moja, la kwanza nililopewa, na mtu mmoja aliyelibeba bila kuulizwa. Vyeo nitaviruka. Vilikuja vikiwa vimechelewa, na wenye kuvitoa walifanya kama wananikopesha.

Nilifika Kwale miaka ile ya mwanzo ya uhuru, bendera mpya ikiwa bado haijapauka. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada moja na tabia moja, na watu waliiona tabia kabla ya shahada. Tabia yenyewe ilikuwa kuuliza kwa nini. Nilizaliwa Mombasa mjini, nikalelewa na shangazi aliyesema kuwa nilimwuliza mkunga kwa nini ananivuta. Siku ya kwanza kazini niliuliza kwa nini ofisi ya kukusanya maneno imewekwa juu mlimani, katika ghala la zamani la korosho, ilhali wenye maneno wako chini pwani. Maalim Abubakari, mkuu wa ofisi, alinitazama juu ya miwani yake.

"Kwa sababu huku kuna paa," akasema.

Maalim alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyesomesha Kurani na baadaye Kiingereza, na hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili: zote zilitaka mtu anyamaze na asikilize. Mimi nilikuwa na upungufu katika sehemu zote mbili. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amenibandika jina la Bwana Kwanini, na mpaka leo ninapokwenda Ukunda wapo wazee wasiojua kuwa nina jina jingine.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Serikali mpya ilitaka maneno ya Kiswahili ya kutumia katika karakana, mashamba, hospitali na shule za ufundi. Kila neno la Kiingereza liliandikwa juu ya kadi yake, nasi tukashuka nayo pwani kuona watu wanaita nini kitu hicho. Kadi tulizifunga kwa ukambaa, kamba nyembamba iliyosukwa kwa majani ya mwaa, kwa sababu mipira ya kufungia iliyoletwa kutoka Nairobi ilioza kwa hewa ya chumvi ikakatika mikononi kama tambi. Tuliandika kwa penseli. Wino haupendi jasho.

Kanuni ya Maalim ya kukusanya maneno ni hii, na hii nawaachia bila kuivunja: usimwulize mtu, "Kitu hiki kinaitwaje?" Ukimwuliza hivyo atakupa jina la kukufurahisha, au atatunga, maana hakuna mtu anayependa kuonekana hajui jina la chombo chake. Kaa naye mpaka akihitaji. Nilikaa asubuhi nzima na seremala mmoja wa Ukunda, nikamshikia mbao, nikanywa chai yake, mpaka alipomgeukia mwenzake akamfokea amletee randa. Hapo ndipo nilipoandika. Neno linalotoka mdomoni mwa mtu mwenye haraka ndilo neno la kweli.

Kadi yangu ya kwanza ilikuwa na neno jack. Nilicheka. Kila aliyewahi kupasukiwa na gurudumu anajua kuwa ni jeki. Niliandika "jeki" kabla ya chai ya saa nne nikairudisha kadi mezani kwa Maalim. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akanirudishia.

"Na wengine?" akauliza.

"Wengine wepi?"

"Nduguze. Hilo neno lina ukoo mkubwa. Nenda kawatafute."

Nilipewa gari na dereva. Dereva aliitwa Saidi, ila hakuna aliyemwita Saidi. Kuanzia Kwale hadi Lungalunga watu wote walimwita Jeki. Ujanani alifanya kazi katika gereji ya shamba la miwa ambayo haikuwa na chombo cha kuinulia magari, na yeye na boriti yake ya mkoko ndio waliokuwa wakiinua. Chombo chenyewe kilipoletwa mwishowe, mafundi walikitazama kinavyopanda, wakasema kumbe sasa kuna Jeki wawili. Jina likamganda. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, asiyeuliza kitu. Ningemwambia, "Pinda hapa," angepinda, hata kama hapa palikuwa shamba la mihogo.

Tulianza Msambweni, nikiwa na picha ya samaki niliyoikata katika jarida, maana vitabu vilisema Waingereza wanaye samaki aitwaye jack. Mama mmoja mkaanga samaki aliitazama picha huku akigeuza vipande vyake katika karai.

"Kolekole huyu," akasema. "Nani kamwita Jeki?"

"Waingereza."

"Walimwona wapi hata wakajuana kwa majina?"

Nikamnunua samaki mmoja kwa aibu. Tukaenda Bodo. Huko wakata mikoko walikuwa wamepumzika, wamezunguka karata juu ya gunia, nami nilijua kuwa katika karata za Kiingereza yumo Jack. Nilikaa nyuma yao kama Maalim alivyonifunza, mpaka mmoja akaitupa chini karata ile yenye kijana mwenye kofia na kusema, "Ghulamu, na mnitolee macho." Nikaandika. Kisha tabia ikanishinda, nikauliza kwa nini aitwe ghulamu.

"Kwa sababu ni kijana," akanijibu mzee aliyekuwa akishindwa. "Hana mali, hana ndevu, hana kiti. Na mchezo hauendi bila yeye. Umeshaona, basi sogea, unaniletea nuksi."

Kwenye makao ya wilaya palikuwa na tarishi mmoja aliyekuwa akipandisha bendera tangu siku za Mwingereza. Nilimwuliza kama ni kweli ile ya zamani iliitwa Jack. Akasema ni kweli. Nikamwuliza kwa nini.

"Bwana," akasema, "mimi nilikuwa naipandisha. Sikuwa naizaa."

Baada ya hapo kadi zikaendelea kuongezeka. Kulikuwa na fenesi, ambalo kwa Kiingereza ni tunda la Jack. Kulikuwa na kifaa cha kuvulia buti za mpanda farasi, na chuma cha kuzungusha nyama juu ya moto, na punda dume, vyote vikiitwa Jack. Nilirudi mlimani na rundo la kadi na hasira. Neno la herufi nne limepata wapi ruhusa ya kuwa samaki, tunda, punda, bendera na kijana wa karata? Ofisi ilikuwa na kamusi moja kubwa ya Kiingereza iliyoliwa jalada na mchwa, inayoeleza kila neno limetoka wapi. Niliisoma kama mtu anayesoma mashtaka yake.

Ilisema hivi. Jack lilikuwa jina la kubembeleza la mtu aitwaye John, ingawa wengine hushikilia kuwa limetoka kwa jina la Kifaransa. Vijana wengi wa Uingereza waliitwa hivyo, hata jina likawa la kijana yeyote, hasa wa kutumwa: wa kushika farasi, wa kuvua bwana buti, wa kugeuza nyama. Ilipobuniwa mitambo ya kufanya kazi hizo, mitambo ikarithi jina la kijana. Fenesi halimo katika ukoo huo. Hilo lilitoka Malabari, pwani ya Bara Hindi, Wareno wakalisikia huko na kulitamka walivyoweza, Waingereza wakalipokea kwa Wareno na kuliandika kama jina la kijana wao. Kuhusu bendera, kamusi ilisema "labda". Kuhusu samaki haikusema hata labda.

Nilimpelekea Maalim malalamiko. Nilisema kuwa elimu nzima ya asili ya maneno ni uvumi uliovaa suti.

"Neno ni kama mtu wa Pwani," akasema bila kuinua kichwa. "Ukimbana sana akutajie kwao, atakwambia Shirazi."

Nilikuwa bado nayahangaikia hayo Saidi alipoingia ofisini, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema anataka kuoa. Binti mwenyewe aliitwa Mwanatumu, wa Bongwe, mshonaji nguo. Saidi alimjua kwa kumpelekea cherehani yake Ukunda kutengenezwa, cherehani ambayo, kama nilivyogundua baadaye, haikuwa na ubovu wowote. Hakuwa na watu wa kumpelekea posa. Mama yake alikuja kutoka upande wa Tanga akiwa na mimba yake, akakata miwa msimu mmoja, akafariki mtoto akiwa mchanga kabla hajamwambia mtu kwao ni wapi. Bibi kizee wa jirani aliyemlea naye alikuwa amekufa. "Nina nyinyi tu," akasema Saidi, na akayatazama matairi ya gari nje kama vile nayo yamo.

Maalim alikubali kuwa mshenga. Kwa wale wa ofisini waliotoka bara nitaeleza: mshenga ndiye msemaji wa upande wa mume. Muoaji mwenyewe haingii, hukaa mbali. Mshenga humsifu, hujibu maswali, na hurudi na jibu. Kazi hiyo ilimfaa Maalim kama kanzu yake. Lakini asubuhi ya posa aliamka na jino limevimba, taya limekuwa kama embe, kitambaa kimefungwa kidevuni hadi utosini. Hakuweza kufungua mdomo zaidi ya upana wa sindano. Alinielekeza mimi kidole.

Njiani, kupitia meno yaliyofungwa, alinipa somo zima la ushenga kwa maneno machache.

"Mshenga hujibu," alisema. "Haulizi."

Bongwe tulipokelewa vizuri. Saidi alilisimamisha gari chini barabarani, mbali kidogo na nyumba, akabaki humo. Tukakalishwa ukumbini juu ya mkeka. Upande wa pili alikaa baba yake Mwanatumu, Mzee Rashidi, aliyesomesha watoto Kurani chuoni na kukaa wima kama aliyekwisha kuwasikia wote wakikosea. Kando yake alikaa mjomba wa binti, Mzee Kassimu, aliyetoka Msambweni kwa ajili ya shughuli hiyo, mnene, mwenye macho ya mtu aliyekuja kufurahi. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa likipumua. Sinia la fenesi likawekwa mbele yetu. Desturi ni mwenyeji kuleta na mafuta kidogo ya nazi ya kupaka vidole, maana ulimbo wa fenesi haumjui mgeni. Mafuta hayakuletwa. Maalim aliniangalia kwa pembe ya jicho, nikaelewa: tutapakwa mafuta tukishafaulu.

Nilianza kama nilivyofunzwa. "Tulikuwa tunapita njia," nikasema, "tukaona nyumba hii ina nuru, tukasema tuingie."

"Nuru gani mchana huu?" akauliza Mzee Rashidi.

Lilikuwa swali zuri. "Hata mimi nilijiuliza," nikamwambia.

Maalim alinifinya paja.

"Kijana wenu ni nani?"

"Saidi, dereva wetu."

"Gari lake nalijua. Nauliza ni wa nani."

"Hatujui, mzee. Mama yake alifariki bila kusema kwao."

"Na kwa baba?"

"Huko ndiko tusikokujua zaidi."

Mfinyo wa pili ulikuwa wa kucha. Mjomba Kassimu aliuma mdomo asicheke. Mzee Rashidi hakucheka.

"Dukani wananiambia binti yangu ataolewa na mtu aitwaye Jeki," akasema. "Hilo ni jina la Kizungu. Huyo kijana amebatizwa?"

"La, mzee, anaswali. Jina ni la chombo, kile cha kuinulia gari."

"Na chombo kilipataje jina la mtu?"

Sasa nawaomba mnihukumu kwa haki. Nilikuwa nimelala na swali hilo na kuamka nalo tangu nilipopewa ile kadi. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuniuliza. Maalim aliona mkono wangu ukienda mfukoni akafumba macho. Nilizitoa kadi, nikafungua ukambaa, nikaanza kwa John. Vidole vilikuwa na ulimbo, kwa hiyo kila kadi niliyoitoa ilikataa kurudi. Nilieleza habari za kijana wa buti nikiwa na kadi mbili zimening'inia kwenye kidole gumba. Nilieleza kuwa hata hili fenesi tunalokula Waingereza huliita Jack, ila huyo ni Jack wa ukoo mwingine, wa Malabari, aliyepewa jina na wapita njia.

Mjomba Kassimu alikuwa amesogea mbele. "Kwa hiyo jina hili lina baba zaidi ya mmoja."

"Ndiyo, mzee. Na wengine hawajulikani kabisa. Bendera, kwa mfano. Na kolekole."

"Hata kolekole," akasema kwa masikitiko. "Na Waingereza hulikataa?"

"Hulitumia kila siku."

"Umesikia, shemeji? Wenzetu wanaishi na asiyejulikana kwao na hawafi."

"Neno halirithi shamba," akasema Mzee Rashidi. "Wala neno halizai mtoto siku moja akaja kuniuliza, babu yangu wa upande ule nani. Mimi nitamjibu nini? Kolekole?"

Niliona tumeshindwa, na nilijua kuwa chini barabarani mtu mkubwa alikuwa ameshika usukani wa gari lililozimwa. Nilipaswa kusema jambo la kumsifu. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mzee, hapa mtoto huhesabiwa kwa nani?"

"Kwa baba," akasema Mzee Rashidi.

"Kwa mama," akasema Mjomba Kassimu.

Walisema pamoja, kisha wakageukiana. Mlio wageni wa kule mfahamu kuwa Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo huo huitwa fuko, na mtu hurithi kwa mjomba. Sheria ya dini huhesabu kwa baba. Katika nyumba nyingi mambo hayo mawili yameishi pamoja muda mrefu, kama paka na mbwa wa nyumba moja, ili mradi asitokee mjinga wa kuwauliza nani mkubwa.

"Kwa baba, ndiyo sheria," akasema Mzee Rashidi.

"Shemeji, ulipokuja kumposa dada yangu, nani alikuuliza kwa baba? Tuliuliza kwa mama yako."

"Hayo yalikuwa ya zamani, watu hawajasoma."

"Na minazi unayoangua umeirithi kwa mjomba wako, kwa zamani hiyohiyo."

Waliendelea hivyo kwa muda. Walipita kwenye minazi, wakapita kwenye kisima, wakafika kwa nyanya mmoja aliyekufa kabla wao wote hawajazaliwa. Maalim aliacha kunifinya. Nadhani mkono ulichoka. Mwishowe Mjomba Kassimu alipiga kofi mkekani.

"Nalimaliza mimi," akasema. "Zamani mgeni asiye na watu alipewa watu. Aliingizwa katika fuko, akala nao, maneno yakaisha. Leo mimi, mbele yenu, namwingiza Saidi katika fuko letu. Ni mtoto wa dada zangu. Anayeuliza kwao, kwao ni Msambweni kwangu."

Nyuma ya pazia vigelegele vikapaa. Mzee Rashidi alishusha mabega kwa mara ya kwanza. Maalim alikuwa na machozi, sijui ya furaha au ya jino. Shangazi mmoja alitoka kwa furaha akachukua kipande kikubwa cha fenesi kutoka kwenye sinia, akasema ampelekee mtoto wao mpya kule garini, akashuka nacho mbio. Watu wote walifurahi isipokuwa mimi, maana kulikuwa na kitu kinanikuna.

"Samahani, mzee," nikasema. "Mwanatumu naye ni wa fuko gani?"

Vigelegele vilikatika katikati.

"Letu," akasema Mjomba Kassimu. "Kwa mama yake."

"Na watu wa fuko moja huoana?"

Aliniangalia. Akaangalia sinia. Sauti ya msichana ilitoka nyuma ya pazia, tulivu kabisa.

"Mjomba, umenipa kaka," akasema Mwanatumu. "Nilikuwa nao wanne. Nilikuwa natafuta mume."

"Naliondoa neno langu," akasema Mjomba Kassimu haraka.

"Huliondoi," akasema Mzee Rashidi. "Umelisema mbele ya watu."

"Bado hajala nasi. Mpaka ale nasi, hajaingia." Kisha sote kwa pamoja tukamkumbuka yule shangazi.

Nilikimbia. Nilishuka ile njia na kadi zimenining'inia vidoleni, nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima ya Maalim ambayo ilikuwa ndefu kwangu kwa shubiri moja. Nilipofika, shangazi alikuwa amesimama dirishani mwa gari akitabasamu, na Saidi alikuwa amekishika kile kipande, mdomo umefunguka.

"Usile," nikamwambia.

Alikishusha. Hakuuliza kwa nini. Nilimpokonya, nikarudi juu na fenesi mkononi kama mwizi aliyetubu, na niliporejea ukumbini watu walilitazama lile tunda pande zote kuona kama limeng'atwa.

"Halijaguswa," akasema Mjomba Kassimu, na akajifuta uso. "Alhamdulillahi. Hajawa ndugu."

"Basi turudi tulipokuwa," akasema Mzee Rashidi. Sauti yake haikuwa kali tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Simchukii kijana. Tabia yake naisikia. Lakini mke akiteswa baba yake huenda mahali kushtaki. Mtoto akizaliwa kuna mahali hupelekwa habari. Mimi nitakwenda wapi? Mtu huyu hana mlango wa kubisha."

Pazia lilikuwa limeacha kupumua. Mimi, kwa mara moja katika maisha yangu, sikuwa na swali.

Maalim alianza kufungua kitambaa. Alifungua fundo la utosini, akakiteremsha, na taya likaonekana lote, jekundu, linang'aa. Akafungua mdomo taratibu, na niliona jasho likimtoka kwenye paji.

"Wangu," akasema.

Mzee Rashidi alimtazama. "Maalim, wewe unajua kuliko mimi. Huwezi kumpa nasaba yako. Haiwi."

"Sikusema nasaba. Jina abaki nalo lake." Alimeza mate kwa shida. "Nimesema wangu."

"Akimtesa binti yangu?"

"Njoo kwangu."

"Akimwacha?"

"Njoo kwangu."

"Na mtoto akija kuniuliza babu yake wa upande ule ni nani?"

"Mlete," akasema Maalim.

Mzee Rashidi alichezea ncha ya mkeka. Mjomba Kassimu alifungua mdomo aseme jambo, shemeji yake akamwinulia kidole tu, akaufunga. Mwishowe Mzee Rashidi aligeukia pazia.

"Leteni mafuta," akasema. "Wageni wameganda."

Nimefanya kazi ya maneno mpaka nimestaafu. Kamusi tuliyotoa ina "jeki" kwa chombo, "ghulamu" kwa karata, "kolekole" kwa samaki, na mbele ya bendera Maalim alikataa tuandike chochote. Neno alilolitoa siku ile halikuwahi kuandikiwa kadi. Sikupata kulikusanya, na sidhani lilihitaji.

Tulirudi garini tukinuka nazi. Saidi hakutuuliza tulichojibiwa. Alishika usukani kwa mikono miwili akasubiri, na nilipomwambia kuwa wamekubali alitikisa kichwa, akawasha gari, akaondoka taratibu kama aliyebeba mayai. Maalim alikaa mbele karibu naye. Nilipoanza kusimulia jinsi mambo yalivyokwenda nilifikia pale Maalim alipofungua kitambaa, na Maalim akaniambia inatosha, kwa hiyo sikumaliza. Lakini nadhani Saidi aliyajua mengine kwa kumtazama. Tulipita Ukunda. Tulipita Tiwi. Kwenye njia panda ya Kombani, pa kupindia kupanda Kwale, Saidi hakupinda. Nilimtazama Maalim, naye alikuwa akitazama mbele kama abiria. Basi nami nikanyamaza. Tulikwenda hivyo mpaka kivukoni Likoni, ambako gari lilisimama kwa sababu mbele palikuwa na maji.

Saidi aliyatazama maji kwa muda.

"Kwale tumeipita," akasema.

"Tangu Kombani," akasema Maalim.

"Mbona hukunambia, baba?"

Katika muda wote niliofanya naye kazi, hilo lilikuwa swali la kwanza kulisikia kutoka kwa Saidi. Maalim alisema kwamba maadamu tumekwisha kufika hapa, tuvuke, atafutiwe mtu wa kumng'oa jino.